Niambie Ukurasa

Ukimuuliza mtu aliyetoka kusoma riwaya ameionaje, mara nyingi atakujibu kwa neno moja: nzuri. Ukimbana kidogo ataongeza kwamba ina mafunzo. Ukizidi kumbana atakutajia mafunzo yenyewe: wazazi wasiwe wakali kupita kiasi, vijana wasikimbilie anasa, jamii iachane na mila zilizopitwa na wakati. Hapo mazungumzo yamekwisha. Hujajua kama ukitafute kitabu hicho au ukiache, na hujajua mwenzako alikutana na nini humo kilichomfanya asilale mpaka saa nane za usiku.

Neno "nzuri" si uongo. Tatizo lake ni kwamba halina mahali pa kulishika. Huwezi kulipinga, huwezi kuliongezea, huwezi kulirudia kesho ukiwa na swali. Ni kama mtu anayekuambia alikula chakula kitamu bila kukuambia kilikuwa ugali au pilau.

Ninalisema hili kwa sababu tangu mwaka jana ninasoma pamoja na watu wengine sita hapa Mwanza. Tunakutana Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, saa kumi jioni, nyuma ya duka la fundi cherehani mmoja maeneo ya Kirumba. Hatuna jina wala mwenyekiti. Yupo mwalimu mstaafu aliyefundisha Kiswahili sekondari maisha yake yote, yupo fundi mwenyewe, yupo mama muuguzi, kijana anayesomea uhasibu, dada anayeuza dagaa Mwaloni, dereva wa bodaboda ambaye husoma kijiweni akisubiri abiria, na mimi. Vitabu ni adimu na fedha ni adimu zaidi, kwa hiyo tunachanga na kununua nakala mbili, zikizidi sana tatu, nazo zinazunguka. Kila mtu anakaa na kitabu siku chache, kisha anampelekea anayefuata.

Nakala ikiwa ya watu saba huwezi kuichorachora kwa kalamu. Ndipo fundi akaja na ufumbuzi wake. Alimkatia kila mtu vipande vya uzi wa rangi yake: mwalimu bluu, muuguzi mweupe, dereva mwekundu, mimi kijani. Ukifika mahali pamekugusa, pamekukera au pamekushinda, unaacha uzi. Anayepokea kitabu baada yako anakuta nyuzi zako zimechomoza pembeni kama ndevu za mahindi, na anaanza kujiuliza kabla hajafika: hapa mwenzangu aliona nini?

Mwanzoni ilikuwa alama tu. Ikageuka kanuni siku ambayo dereva wa bodaboda alibanwa aseme kama kitabu tulichosoma kilikuwa kizuri au kibaya. Akajikuna kichwa. "Mimi sijui kizuri wala kibaya," akasema. "Ninachoweza kuwaonyesha ni hapa. Hapa abiria aliniita mara mbili, nikamwambia achukue pikipiki nyingine." Akafungua penye uzi wake. Tulisoma ukurasa ule kwa sauti, tukabishana mpaka giza likaingia. Tangu siku hiyo hakuna anayeruhusiwa kutoa hukumu kabla hajataja ukurasa.

Inafaa kujiuliza hukumu zetu za haraka tumezitoa wapi. Nadhani ya kwanza imetoka shuleni. Wengi wetu tulikutana na riwaya ya Kiswahili tukiwa na daftari mkononi. Tulifundishwa kuifungua kama fundi anavyofungua injini: huku fani, huku maudhui. Kwenye maudhui kuna dhamira, ujumbe, migogoro, falsafa na msimamo wa mwandishi. Kwenye fani kuna muundo, mtindo, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha. Mwishoni unaeleza kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi, na kama jina la kitabu linasadifu yaliyomo. Siudharau utaratibu huo. Umetupa msamiati wa kuzungumzia vitabu kwa lugha yetu wenyewe, na hilo si jambo dogo. Lakini mtihani una mahitaji yake. Unataka jibu linaloweza kusahihishwa, yaani jibu linalofanana na la mwenzako. Ndiyo maana mwanafunzi anaweza kupata alama za kutosha kwa kusoma kitabu cha mwongozo peke yake, bila kuigusa riwaya yenyewe. Tunatoka shuleni tukiwa na majibu, na maswali yanabaki kwenye chumba cha mtihani.

Hukumu ya pili imetoka kwa wazee wetu, wa nyumbani na wa dini: kitabu kinafaa au hakifai. Hii nayo ina heshima yake. Anayekupenda anajali unachoingiza kichwani. Lakini hukumu hii hutolewa zaidi na mtu ambaye hakufungua kitabu, na akishaitoa, wengine pia hawakifungui.

Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, imepitia hukumu zote mbili. Kwanza ilipigwa marufuku shuleni kwa kuonekana haifai kusomwa na vijana. Baadaye ikaruhusiwa, ikaingia darasani, ikawa kitabu cha mtihani. Mwalimu wetu anakumbuka alivyoisoma mara ya kwanza akiwa kijana, jalada limefunikwa kwa gazeti. Sisi tuliichagua kwa sababu ya ujirani. Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, na Rosa wake ni binti wa Namagondo. Kutoka hapa tunapokaa, Ukerewe ni safari ya saa chache tu kwa meli.

Nyuzi zilijazana mwanzoni mwa kitabu. Rangi nne zilikuwa sehemu moja: pale Zakaria anapompiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Kuanzia hapo Rosa anajifunza kuwaogopa wanaume. Akiwa mbali na baba yake anajifunza kinyume chake. Na mwishowe mchumba anamkataa kwa sababu ya yale aliyopitia, naye anajiua. Kezilahabi anayasimulia haya kwa sentensi fupi zinazopita upesi. Maafa yanafika kabla msomaji hajakaa sawa, na hiyo ni nguvu mojawapo ya kitabu hiki.

Kijana wa uhasibu ndiye aliyeanza. "Alijitakia," akasema. "Wasichana wangapi wanapigwa na baba zao na hawafanyi aliyoyafanya yeye?" Mama muuguzi akamjibu kwamba aliyemuua Rosa ni Zakaria, mwingine yeyote alikuja kumalizia tu. Tukagawanyika kambi mbili, na zilikuwa kambi zilezile za darasani, za swali lile la nani alaumiwe. Nilihisi tunaelekea kumaliza kwa ile sentensi inayosema kwamba malezi ni jukumu la wazazi wote wawili.

Fundi alikuwa kimya muda wote, anakunja vipande vya kitambaa. Yeye aliishia darasa la saba, na husema hivyo mwenyewe kila akitaka kutuchokoza. Uzi wake haukuwa pale penye kipigo. Ulikuwa mbele, Rosa akiwa shuleni, amezungukwa na wasichana wenzake. "Mimi nina swali moja," akasema. "Huyu binti, kitabu kizima, anapiga hodi kwa nani?"

Hakuna aliyejibu. Akaendelea: "Yasmin alikuwa na Mwajuma."

Miezi miwili kabla tulikuwa tumesoma Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1999. Humo Yasmin, binti mdogo wa Kihindi, anaozwa mwanamume mwenye umri wa kumzaa. Anapomkimbia mumewe, ndugu zake mwenyewe wanamkataa. Hatima yake ingeweza kabisa kuwa ya Rosa. Lakini Zanzibar ile ya miaka ya mwisho ya utawala wa Waingereza ina mtaa unaoitwa Ng'ambo, na Ng'ambo kuna Mwajuma, mwanamke asiye na mali wala cheo, ambaye anampokea bila kumuuliza amefanya nini. Yasmin naye anakosea, anapenda, anaumia, lakini anaishi.

Sikuwahi kuziweka riwaya hizi mbili pamoja kwa namna hiyo. Darasani hulinganishwa kwa dhamira: nafasi ya mwanamke, ndoa za kulazimishwa, ukoloni na ukombozi. Swali la fundi linazilinganisha kwa milango. Ukianza kuhesabu milango, unaona kwamba Kezilahabi amemzungushia Rosa watu wengi na hakumpa hata mmoja ambaye angeweza kumweleza jambo bila kuogopa hukumu. Wenzake wa shule wanamfundisha dunia, lakini hakuna anayemsikiliza. Wanaume wanataka chao. Mama yake, Regina, anampenda kweli, lakini ni mwanamke anayepigwa na mume yuleyule; hana mlango wake mwenyewe wa kumfungulia mtu. Mwishoni kesi ya baba na binti inafikishwa mbele ya Mungu. Kuna wasomaji wanaoona sehemu hiyo kama nyongeza isiyohitajika. Mimi, baada ya swali la fundi, naiona kuwa ya lazima. Rosa hakupata duniani mtu wa kusikiliza upande wake, kwa hiyo mwandishi akalazimika kumtafutia msikilizaji nje ya dunia.

Kijana hakuacha msimamo wake. Bado anaamini Rosa alikuwa na hiari. Ila aliomba Vuta n'kuvute aisome upya, na safari hii uzi wake umekaa kwa Mwajuma.

Kitabu kilichotuingia kwa namna nyingine kabisa ni Peponi. Ni riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994 kwa jina la Paradise. Gurnah alipopewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2021, watu wengi huku kwetu walijivunia mwandishi ambaye hawakuweza kumsoma. Mwaka 2022 tafsiri ya Ida Hadjivayanis ikachapishwa na Mkuki na Nyota. Kisa kinamhusu Yusuf, mvulana wa miaka 12, anayechukuliwa kutoka kwao na mfanyabiashara tajiri aitwaye Aziz. Yusuf anamjua Aziz kama ndugu wa familia. Anapofika pwani, Khalil, kijana anayeuza duka la Aziz, anamweleza ukweli: mtu yule si ndugu yake. Yusuf amewekwa rehani kwa deni la baba yake.

Uzi wangu ulikuwa kwenye msafara. Niliiona Peponi kama riwaya ya safari ya kwenda bara, biashara ya misafara ikipumua pumzi zake za mwisho huku Wajerumani wakiingia. Bado naiona hivyo, na nilikuwa nimejiandaa kusema mengi. Dada wa dagaa alikuwa na uzi mmoja tu, mwanzoni mwanzoni. Alikaa na nakala siku nyingi kuliko zamu yake, na watu walikuwa wameshaanza kunung'unika.

"Mimi nilikwama hapa," akasema. "Khalil anapomwambia kwamba Aziz si ndugu yake. Nikakifunga kitabu. Siku nne sikukigusa." Akatulia. Kisha akasema kwamba yeye aliletwa mjini akiwa na miaka 11, na mama aliyemleta alimwita shangazi. Alifua, alipika, alilea. Hakuna aliyemwambia kwamba yule si shangazi yake. Alikuja kujua mwenyewe, siku ya harusi ya binti wa nyumba ile, ndugu wote walipoitwa kupiga picha, yeye akaambiwa aangalie sufuria.

Mama muuguzi akamwambia, "Pole, mwanangu."

"Ahsante, mama. Lakini sikusema ili nipewe pole," akajibu. "Nataka tuangalie kitu. Huyu Khalil kwa nini alimwambia? Alimwonea huruma au alimwonea wivu?"

Nimesoma maandishi kadhaa juu ya Gurnah, na swali hilo sijalikuta popote. Tulirudi kitabuni. Khalil mwenyewe aliletwa kwa Aziz kwa sababu ya deni la baba yake. Anamdhihaki Yusuf, anamsahihisha kila anapomtaja Aziz kwa jina la undugu, anamfundisha kumwita bwana mkubwa. Ni ukatili, na wakati huohuo ni zawadi, kwa sababu anamwokoa mtoto asiendelee kujidanganya. Tukaanza kuona kwamba riwaya hii, pamoja na misafara na vita vyake, inahusu pia majina ya undugu yanayofunika deni. Na hapo nadhani tafsiri ya Kiswahili ina makali ambayo Kiingereza hakiwezi kuyafikia. Kwetu kumwita mtu mjomba, baba au shangazi bila kuwa na nasaba naye ni adabu ya kila siku. Tunawaita hivyo mpaka makondakta. Msomaji wa Kiswahili hawezi kuliona jina hilo kama ugeni wa mahali fulani pa kale. Ni neno alilolitumia asubuhi ileile. Kinachotisha katika Peponi ni kwamba neno lenyewe la heshima ndilo linalomfunga mtoto.

Mwalimu alikuwa na pingamizi, na ni pingamizi ambalo linaugusa utaratibu wetu wote. "Dada, samahani, nisikuudhi," akasema. "Kitabu si kioo. Ukitazama ukajiona mwenyewe tu, mwandishi hujamsoma." Yeye uzi wake ulikuwa mwisho kabisa, pale Yusuf anapokimbia kuufuata msafara wa askari wa Wajerumani. Kwa mwalimu huo ni mwisho wa kihistoria: kijana anatoka katika utumwa wa deni na kuingia katika utumwa wa dola, na vita vikubwa viko njiani.

Dada akamsikiliza mpaka mwisho. "Sawa, mwalimu. Lakini ukiwa ndani ya nyumba ya mtu hutafuti njia nzuri. Unatafuta iliyo wazi."

Mwalimu akakaa kimya kidogo. "Hapo sasa," akasema, "tumemsoma mwandishi."

Pingamizi lake halikufutika kwa jibu hilo, wala halipaswi kufutika. Yapo maoni ambayo ni kioo tu. Ninayatambua kwa sababu hayana pa kurudi: ukimwuliza mwenye maoni akuonyeshe, anakueleza maisha yake tena. Dada alianza na maisha yake, lakini aliyafikisha kwenye ukurasa, na ukurasa unaweza kumjibu mtu. Mimi nilimuuliza: na Khalil je? Inafika mahali naye angeweza kuondoka, mbona anabaki? Kama shida ni mlango tu, yeye wake ulikuwa wazi. Dada akasema hilo hakuliona, atakisoma tena. Hiyo ndiyo faida ya ukurasa. Unamruhusu mtu aseme jambo la moyoni, na unamruhusu mwenzake apinge bila kumdharau.

Nyuzi zina hila yake pia. Tulipokuwa tunafunga kikao, mama muuguzi aliigeuzageuza nakala, akasema, "Amina hana uzi." Ni kweli. Amina, aliyelelewa kama dada yake Khalil, naye aliingia katika nyumba ya Aziz kwa njia ya deni lilelile, akawa mke wake. Watu saba tulikuwa tumempita. Tulibishana saa nzima juu ya wanaume wawili waliowekwa rehani, na mwanamke hatukumwona. Je, ni sisi, au ni Gurnah aliyemweka nyuma ya ukuta kiasi kwamba lazima utafute ili umwone? Mimi ninaelekea kwenye jibu la pili. Kwa sehemu kubwa ya kitabu Yusuf hajui Amina ni nani, na msomaji anajua kadiri Yusuf anavyojua. Lakini sasa tumeongeza swali moja mwisho wa kila kikao: kurasa zipi hazina uzi wowote?

Kuna anayeweza kusema huu ni mchezo wa watu wenye nafasi, na kwamba uhakiki una wenyewe, walioko vyuoni. Wahakiki wa vyuo wana kazi yao na tunaihitaji. Lakini kati ya makala ya chuo na lile neno "nzuri" kuna uwanja mpana ulio wazi, na huo ni wa msomaji wa kawaida. Riwaya ya Kiswahili ikitoka leo, magazeti machache yataitaja, na maduka ya vitabu nje ya miji mikubwa hayataileta. Itaishi kwa mdomo wa mtu kwenda kwa mtu, kwa nakala mbili zinazozunguka. Mtu akiniambia tu kwamba Rosa Mistika ni nzuri, sitaitafuta. Akiniambia haifai, huenda nisiitafute kamwe. Akiniambia kuna binti kitabu kizima hana wa kumpigia hodi, nitaisoma usiku huohuo.

Mwezi ujao tunasoma Nagona, ya Kezilahabi pia, iliyotoka mwaka 1990. Kila niliyemtajia ameniambia ni ngumu. "Ngumu" ni ndugu wa "nzuri": inafunga mlango kwa heshima. Nakala ya kwanza iko kwa kijana wa uhasibu. Juzi alituandikia sote ujumbe mfupi: namba ya ukurasa, na swali kama kuna aliyeelewa hapo. Bado hatujamjibu. Dereva wa bodaboda ndiye anayefuata, na ameshauliza kama anaweza kukichukua kabla ya zamu yake.